Shamba Halisubiri

Familia ya Kimarekani inapouza nyumba ya mjini, ikahamia mji mdogo na kununua ekari tano au kumi za kufugia kuku na mbuzi na kupanda viazi, mara nyingi haiishii hapo. Watoto nao huondolewa shuleni, na meza ya jikoni ikawa darasa. Wenye kuyasifu maisha haya huyataja mambo hayo mawili kwa pamoja, kama kitu kimoja chenye jina moja: uhuru. Wamejikomboa na duka kubwa la vyakula, wamejikomboa na kengele ya shule. Mimi naona ni vitu viwili, na tena vinavyogombea saa zilezile za siku. Katika ugomvi huo shamba lina silaha ambayo darasa halina, nayo ni adhabu ya papo kwa papo. Mbuzi asiyekamwa leo jioni, kesho kiwele chake kimevimba. Mtoto aliyerukwa somo la sehemu na desimali haumwi popote. Kasoro itajitokeza miaka minane baadaye, atakapotaka kusomea uuguzi au ufundi umeme akakuta mlango hauna ngazi. Kwa sababu hiyo nadai kwamba familia inayounganisha shamba na darasa inahitaji jicho la nje juu ya masomo kuliko familia nyingine yoyote, na katika majimbo mengi ya Marekani ndiyo isiyolipata.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 1999 zilionyesha watoto wapatao 850,000 waliokuwa wakisomeshwa nyumbani, sawa na asilimia 1.7 ya wanafunzi wote. Kufikia 2012 walikadiriwa kuwa milioni 1.8, asilimia 3.4. Kisha likaja janga la korona. Ofisi ya sensa iliona kaya zenye watoto wa umri wa shule zinazosomesha nyumbani zikipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua ya 2020 hadi 11.1 ilipofika vuli ya mwaka huohuo, na miongoni mwa kaya za Wamarekani weusi kutoka 3.3 hadi 16.1. Majira hayo ya kuchipua wauzaji wa vifaranga waliishiwa, na kampuni za mbegu zikalazimika kusimamisha oda kwa muda. Ni kweli kwamba wengi wanaosomesha nyumbani hawana hata kuku mmoja, na kwamba wakulima wadogo wengi huwapandisha watoto wao basi la shule kila asubuhi. Ninaowazungumzia ni wale walioshika yote mawili, kwa kuwa hao ndio wanaochorwa kama kielelezo cha maisha mema.

Kielelezo hicho kina wazazi wa pande mbili ambazo katika siasa hazisalimiani. Upande mmoja wako Helen na Scott Nearing, wasoshalisti waliotoka New York mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, wakaenda kulima na kuchemsha sukari ya miti Vermont. Kitabu chao cha 1954, Living the Good Life, kiligeuka msahafu wa vijana waliokimbilia mashambani miaka ya 1970. Karibu na hao yuko John Holt, mwalimu ambaye mwaka 1964 alieleza jinsi watoto wanavyofeli darasani kwa woga, na kufikia 1977 alikuwa amekata tamaa na shule kiasi cha kuanzisha jarida la wazazi wanaolea watoto bila shule kabisa. Upande wa pili wako Raymond na Dorothy Moore, Waadventista walioshauri kwamba mtoto asiharakishwe kupelekwa shule, na nyuma yao Wakristo wa kihafidhina waliounda chama chao cha kutetea elimu ya nyumbani mahakamani mwaka 1983. Miaka kumi baadaye, 1993, kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Mahipi na walokole walikutana mbele ya rafu moja ya mbegu, jambo ambalo hakuna mwanasiasa aliyelipanga.

Lakini tuwatazame akina Nearing kwa karibu. Walifundisha kwamba saa nne za kazi ya mkono kwa siku zinatosha kumlisha mtu, na saa zinazobaki ni za kusoma, muziki na wageni. Msomaji mwenye watoto wanne huona tumaini katika hesabu hiyo. Asichokumbuka ni kwamba wawili hao hawakuzaa pamoja, na watoto wa Scott wa ndoa ya kwanza walikuwa watu wazima. Hawakufuga mnyama yeyote pia, kwa hiyo hapakuwa na wa kukamwa alfajiri. Fedha za urithi zilikuwepo, na wageni waliofurika Maine, walikohamia mwaka 1952, walibeba mawe na kupalilia bila ujira. Sisemi walikuwa wadanganyifu. Walifanya kazi kwa bidii, na Scott alikufa akiwa ametimiza miaka 100. Nasema tu kwamba ratiba ya shamba inayoacha nusu ya siku kwa ajili ya vitabu iliandikwa na watu wasio na ng'ombe wala mtoto wa kumfundisha kusoma.

Mwaka uleule wa 1932 kilitoka kitabu cha kwanza cha Laura Ingalls Wilder, mwanzo wa mfululizo ambao leo haukosekani katika nyumba ya familia ya aina hii. Watoto husomewa habari za baba anayejenga nyumba kwa mikono yake kwenye mbuga, mbali na serikali. Kumbukumbu za kweli zina mambo mengine. Sheria ya 1862 iliwapa walowezi ekari 160 za ardhi ya umma kwa masharti ya kuishi na kulima miaka mitano; ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili, na familia ya Ingalls yenyewe iliwahi kuvamia ardhi ya Waosage huko Kansas. Nzige waliwafilisi Minnesota. Shamba la Dakota nalo halikuwatosha, na mwisho baba aliliacha akahamia mjini De Smet kufanya kazi za useremala. Laura alianza kufundisha shule kwa mshahara akiwa bado kijana, na mshahara huo ulisaidia masomo ya dada yake Mary, kipofu, katika chuo cha wasioona huko Iowa. Ada ya chuo ililipwa na serikali ya Dakota. Basi katika hadithi inayopendwa kuliko zote za kujitegemea, kilichomwokoa binti mmoja kilikuwa fedha ya umma, na kilichomwinua mwingine kilikuwa darasa la umma alilosomea na kufundishia.

Uchumi wa leo haujaligeuza hilo. Wizara ya kilimo ya Marekani hutoa kila mwaka makadirio ya mapato ya kaya za wakulima, na kwa miaka mingi ya karibuni kaya ya katikati imekuwa ikipata hasara kutokana na kilimo chenyewe. Kinachoilisha ni mshahara wa nje. Hizo ni kaya zinazouza mazao. Yenye ekari tano za kujikimu haina hata hicho cha kuuza, na chakula cha kuku, waya wa ua na dawa za mbuzi vinanunuliwa kwa fedha taslimu. Bima ya afya, ambayo Marekani huja zaidi kupitia mwajiri, humlazimisha angalau mzazi mmoja kubaki kwenye ajira, siku hizi mara nyingi kwa kompyuta akiwa nyumbani. Mzazi wa pili, kwa kawaida mama, huacha kazi. Yeye ndiye mwalimu wa madarasa matatu au manne kwa wakati mmoja, ndiye mkama mbuzi, ndiye mpishi, ndiye msindikaji wa nyanya za kuweka hadi msimu wa baridi. Utegemezi uliokuwa kwa duka na shule umehamia mabegani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hana wa kumpokea zamu.

Anapozidiwa, msaada ulio karibu ni mikono ya watoto. Hili halina ubaya wowote kwa asili yake, na msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Shule za vijijini Marekani katika karne ya 19 zilifungwa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, watoto wakasoma kipupwe na kiangazi, kwa sababu kila mtu alijua kwamba shamba likiita darasa litabaki tupu. Sheria ya kazi ya Marekani, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1938, bado inaliheshimu shamba kwa namna ya pekee: mzazi anaweza kumfanyisha mtoto wake wa umri wowote kazi yoyote, saa yoyote, kwenye shamba lake mwenyewe. Sasa unganisha sheria hiyo na ile ya jimbo kama Texas, Idaho au Oklahoma, ambako anayesomesha nyumbani hadaiwi usajili, hadaiwi ripoti, na mtoto hafanyi mtihani wowote wa lazima. Ni mahali pawili ambapo dola imeamua kutochungulia, na familia hii inaishi pale panapokutana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za mtoto ni mali.

Nisieleweke vibaya kuhusu kile shamba linachofundisha. Mtoto aliyemtazama kuku akiatamia na kutotoa, aliyeona mahindi yaliyokosa mbolea yakigeuka manjano, aliyepima ujazo wa tangi na kukosea mpaka maji yakamwagika, ana msingi wa sayansi ambao picha ya kitabuni haiwezi kumpa. Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamika kwamba shule ya kikoloni ilimtenga kijana na jamii inayolima, ikamfanya alishwe na jasho la wengine huku akijifunza kudharau jembe, na akataka kila shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wenyewe wanapanga na kuamua. Holt akiwa Boston angekubaliana na nusu ya maneno hayo. Tofauti ni kwamba Nyerere alilipeleka shamba shuleni, penye walimu wanaowajibika kwa umma na mtihani mwishoni. Na hata hivyo, katika shule nyingi za Tanzania wazo hilo liliishia kuwa kazi ya jembe tu: upangaji na hesabu za mavuno vilisahauliwa, palizi ikabaki. Ikiwa shamba liliweza kulimeza somo penye mwalimu mkuu, mkaguzi wa wilaya na bodi ya shule, basi nyumbani, ambako mwenye shamba ndiye mwalimu na ndiye mkaguzi, litalimeza kwa urahisi zaidi.

Watetezi watajibu kwa matokeo. Wataonyesha tafiti ambazo watoto wa nyumbani wanawapita wa shule kwa mbali katika mitihani ya kupimia. Utafiti uliotajwa sana ni wa Lawrence Rudner wa 1999, uliohusu zaidi ya wanafunzi 20,000 na ukakuta alama za juu mno. Ila Rudner mwenyewe alionya kwamba hauwezi kutumika kulinganisha elimu ya nyumbani na ya shule: waliopimwa ni familia zilizojitolea, zenye kipato na elimu kuliko wastani, na mitihani yenyewe ilitoka katika huduma moja ya chuo cha Kikristo. Familia iliyoacha kufundisha hesabu tangu Machi haijitolei kupimwa. Robert Kunzman na Milton Gaither, waliopitia tafiti nyingi zilizokuwepo na kuchapisha tathmini yao mwaka 2013, walikuta mwelekeo unaojirudia kila hali ya familia inapozingatiwa: watoto wa nyumbani huelekea kuwa na nguvu katika lugha na udhaifu katika hisabati.

Mwelekeo huo unaniambia mengi kuliko wastani wa alama. Kusoma hukua kwenye mianya ya siku. Mtoto aliyekwisha kujua herufi huchukua kitabu maktaba ya umma na kujilaza nacho chini ya mti wakati mama anapalilia. Hisabati haikui hivyo. Inadai mtu mzima akae, aone kosa liko hatua ya ngapi, na kesho aendelee palepale. Ndiyo inayokatizwa mbuzi anapozaa, na ndiyo ambayo mzazi mwenyewe pengine aliikimbia alipokuwa shule. Tara Westover, aliyekulia Idaho katika familia iliyojitenga na shule na hospitali, ameeleza katika Educated ya 2018, simulizi ambayo wazazi wake wameipinga, jinsi kazi katika lundo la vyuma chakavu la baba yake ilivyochukua nafasi ya masomo. Alipojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo hisabati ilimtesa sana, ingawa hatimaye alipata shahada ya uzamivu Cambridge. Wenye kupenda elimu ya nyumbani humtaja kwa sababu ya Cambridge. Lakini mtu wa kipaji chake aliyelazimika kujifundisha hisabati bila shule ni ushahidi wa kipaji hicho, na hauwaambii wazazi wa mtoto wa kawaida wamtegemee nani.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1925, katika kesi ya Pierce, kwamba mtoto si kiumbe cha dola tu, na mwaka 1972, katika kesi ya Yoder, iliwaruhusu Waamish kuwatoa watoto shuleni baada ya darasa la nane kwa kuwa mafunzo ya shambani yaliwaandaa kwa maisha ya jamii yao. Hoja ni nzuri, na mimi naikubali kuliko wanavyodhani wanaoitaja, kwa sababu Yoder ilijengwa juu ya mambo mawili ambayo familia ya ekari tano haina: miaka minane ya shule iliyokwisha kupatikana, na jamii nzima ya karne nyingi inayompokea kijana, yenye ardhi, mafundi na wazee. Familia iliyohamia mji mdogo juzi haina kijiji cha namna hiyo nyuma yake. Jaji Douglas, aliyepingana na wenzake kwa sehemu, aliuliza kama kuna mtu aliyemsikiliza mtoto mwenyewe, ambaye huenda anataka kuwa mpiga piano au mwanaanga. Huku kwetu sheria zimeelemea upande wa mtoto na shule: Tanzania kwa Sheria ya Elimu ya 1978, Kenya kwa sheria ya 2013 inayomtishia mzazi asiyempeleka mtoto shule faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Ukali huo ulitokana na uzoefu wa muda mrefu wa ng'ombe na mashamba kumshinda mwalimu katika kumgombea mtoto, uzoefu ambao mhamiaji wa Vermont au Idaho anauanza upya akidhani ni wa kwanza kuupata.

Hata hivyo sitaki sheria ya namna hiyo wala ile ya Ujerumani, ambako elimu ya nyumbani imekatazwa na mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikaunga mkono katazo hilo mwaka 2006. Mwaka 2013 watoto wa familia moja waliondolewa kwao kwa wiki tatu, na mahakama ileile ikasema mwaka 2019 kwamba dola haikukosea. Hapo nadhani ilikosea. Wala siegemei kwenye visa vya ukatili vinavyojitokeza mara kwa mara na kutumiwa kuwatuhumu wazazi wote. Mzazi katili hufunga mlango kwa sheria yoyote. Kinachonishughulisha ni upungufu wa kimya ndani ya nyumba zenye upendo, na kwa huo dawa yake ni nyepesi. Pennsylvania imekuwa nayo tangu 1988. Mzazi huandika kiapo mwanzoni mwa mwaka, huweka daftari la vitabu vilivyosomwa na jalada la kazi za mtoto, na mwishoni mwalimu mwenye leseni au mwanasaikolojia, ambaye mzazi mwenyewe amemchagua, hulipitia jalada na kuongea na mtoto. Katika darasa la tatu, la tano na la nane kuna mtihani. Wazazi wa huko hunung'unika kuhusu makaratasi, lakini elimu ya nyumbani katika jimbo hilo haikufa. Kwa mama mwenye mbuzi wawili wanaokaribia kuzaa, kujua kwamba Juni kuna mtu atafungua daftari la hesabu kunalipa darasa kile lilichokosa mbele ya shamba, yaani tarehe.

Litabaki jibu la mwisho, kwamba shule za umma nazo zinafelisha watoto kwa maelfu na hakuna anayezifungia milango. Ni kweli. Ukweli huo tunaujua kwa sababu watoto hao hupimwa, matokeo hutangazwa, magazeti huandika, wazazi hugomba na wajumbe wa bodi hupoteza uchaguzi. Na wakulima hawa hawa hawaoni aibu kumwita bwana shamba wa kaunti, anayelipwa kwa kodi chini ya sheria ya mwaka 1914, aje apime udongo wao na kuwaambia unakosa nini. Wanamruhusu mgeni aingie, achukue sampuli, na arudishe majibu yasiyopendeza, kwa kuwa bila majibu hayo msimu mzima unaweza kupotea. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kwa nini udongo ustahili ziara hiyo na mtoto wa miaka kumi asiistahili.